Mrejesho: jirani mwenye paka zaidi ya 30

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama sheria inamruhusu jirani yangu kufuga paka zaidi ya 30 ndani ya vyumba viwili. Wengi mlisema nitafute kifungu cha idadi. Nimekikuta kwenye sheria ndogo: wanne kwa kaya. Lakini bwana afya alipokuja, hata kuhesabu hakuhesabu. Alisimama mlangoni, harufu ya mkojo ikamtoa machozi, akaandika: uchafu, kero kwa majirani, wanyama wasiotunzwa. Hayo, kaniambia, yangetosha hata kama paka wangekuwa watatu.

Nakiri nilitaka wachukuliwe wote siku hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Mama wa watu alikuwa analia huku akiwataja mmoja mmoja kwa jina. Amepewa notisi, wagonjwa wameondolewa kwanza, daktari wa mifugo anawafunga uzazi wengine kwa awamu, na mtu wa ushauri nasaha anamtembelea, maana wakizolewa wote kwa mkupuo, wenye tatizo hili la kurundika wanyama kupita uwezo wao mara nyingi huanza kukusanya upya. Jana usiku nimelala dirisha wazi, mara ya kwanza tangu nihamie.