Maiki ndogo zinachana kwenye ngoma za muheme wakati levo nimeshusha mpaka karibu na sifuri, nakosea wapi?

Kijana_wa_Kizota
Mbukwenyi wakuu. Nina rekoda ya mkononi na maiki mbili ndogo zile za kubana kwenye shati, nazichomeka kwenye tundu la MIC. Juzi nilikuwa Chamwino kwa mjomba kulikuwa na shughuli, wakaja akina mama wa muheme, mnawajua hao wakishaibana ngoma mapajani hakuna mchezo. Nikasimama kama hatua tano kutoka kwao. Levo ya rekoda yangu inaanzia 0 hadi 100, nikaanza na 60 taa nyekundu ikawaka papo hapo, nikashusha 30, nikashusha 15, mwisho nikaiacha kwenye 6. Hapo mita ikawa inacheza kwenye dB -14 mpaka -10 (mwisho wake wa juu ni 0) nikajua leo nimepatia.

Nimefika home naweka hedifoni, kila ngoma ikigonga sauti inachana, inakoroma kama spika ya daladala iliyotoboka. Ila mzee mmoja alitangulia na zeze lake peke yake, levo ilikuwa bado 60, yeye ametoka safi kabisa hadi unasikia kidole kinavyoteleza kwenye waya. Nimefungua kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, mawimbi ya ngoma yamekatwa vichwa bapa kama yamepita kwenye msumeno, na cha ajabu hayajafika hata juu. Hii imekaaje?

Mzee_wa_Bahi_Road
Geini kubwa hiyo kijana, yaani unaikuza sauti mno. Shusha.

Kijana_wa_Kizota
Mkuu umesoma kweli? Nilikuwa kwenye 6, nikishusha tena si nimezima kabisa.

FundiMitambo_
Dogo jibu umeshaliandika mwenyewe, hayo maneno "hayajafika hata juu". Rekoda ikizidiwa pale inapogeuza sauti kuwa namba, mawimbi yanakatwa pale kwenye 0 maana juu ya hapo hakuna nafasi. Ya kwako yamekatwa kwenye -10, maana yake yalikatwa kabla hayajafika kwenye mita, halafu yakiwa yameshakatika ndio wewe ukayashusha. Ni sawa na bomba limepasuka barabarani wewe uko jikoni unahangaika na koki. Mita inakuonyesha kilichofika mwisho wa safari, haikwambii njiani kimepatwa na nini.

Njiani kuna sehemu mbili za kuzidiwa. Ya kwanza ni maiki yenyewe. Hizi ndogo zina kikuza sauti kidogo sana ndani kinachokula umeme wa rekoda kupitia waya huohuo, nyingi zinapata kama volti 2 na nusu hivi, sasa ngoma ikigongwa karibu umeme huo hautoshi kubeba wimbi lote, linakatika humohumo ndani ya maiki. Ya pili ni kikuza sauti cha tundu la MIC, kimetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anaongea, ukikiletea muheme kinajaa. Na kwenye rekoda nyingi za bei ya chini kile kitufe cha levo kinafanya kazi BAADA ya hapo, ndio maana kutoka 15 kwenda 6 hakukubadilisha kitu zaidi ya mita. Mimi nikiona nalazimika kushuka chini ya theluthi ya kipimo najua tatizo liko kabla ya kitufe, naacha kuhangaika na kitufe.

Angalia kama rekoda yako ina swichi ya MIC GAIN, HIGH na LOW, wengine wameificha kwenye menyu. Weka LOW halafu panda na levo mpaka mita irudi palepale. Ikitoka safi, kilichokuwa kinazidiwa ni tundu. Ikiendelea kuchana, ni maiki, na hapo dawa ni kusogea nyuma au kutafuta kiboksi cha betri ya volti 9, maiki inakula umeme wa hicho kiboksi, na waya unauchomeka kwenye LINE badala ya MIC. Ila usije ukachomeka maiki moja kwa moja kwenye LINE bila kiboksi, kwa kawaida tundu hilo halitoi umeme, utarekodi kimya.

Alto_wa_Majengo
Fundi kamaliza, mimi naongezea kwa waliowahi kulia kama mimi. Kaka zima levo ya auto kabisa. Kwaya ikiimba polepole inavuta juu mpaka unasikia feni na watoto wanalia nyuma, besi ikiingia inabana ghafla na sauti za watu zinazama, halafu hiyo hairekebishiki.

Pia usiamini majaribio. Watu wakijaribu mitambo wanaimba kwa aibu, ukumbi ukijaa wanaimba kama wanadaiwa. Mimi kwenye majaribio nataka kilele kisivuke -18, maana najua shughuli yenyewe itakuja na -12 au -8. Rekodi kwa biti 24, hapo usiogope mita kuonekana fupi, utapandisha nyumbani na hutasikia ile kelele ya mchanga.

DomTech
Mnajitesa bure nunueni rekoda ya float ya biti 32, ile isiyokata sauti hata mita ikipita 0, hizo habari za levo ziishe.

FundiMitambo_
@DomTech float inakuokoa pale mwisho kwenye namba tu. Maiki ikishakata wimbi kabla ya hapo, hiyo float itakutunzia uchafu wako kwa uaminifu mkubwa.

Kijana_wa_Kizota
Wakuu mrejesho. Swichi nimeiona, iko kwenye menyu ya tatu, ilikuwa HIGH tangu nimenunua!! Jumapili nikarudi kwa walewale akina mama (kiongozi wao nilimpigia kwanza, akasema njoo ila na sisi utuwekee kwenye simu). Nikaweka LOW, levo 35, nikasimama hatua kumi badala ya tano. Ngoma sasa zinatoka kwa duara lake, unasikia mkono unavyopiga katikati na pembeni. Kilele -11.

Mawili yamebaki. Filimbi ya yule anayeongoza akipita mbele yangu bado inakwaruza kidogo, na upepo, jamani upepo wa huku, kuna sehemu ni vuuum mita inaruka hata ngoma hazipigwi.

FundiMitambo_
Safi. Hatua kumi badala ya tano nje kwenye uwazi ni kama dB 6 umepunguza bure bila kununua kitu. Filimbi akija nayo hatua mbili kutoka kwako hiyo ni maiki sasa, hapo ndio kiboksi cha betri, la sivyo kaa upande ambao hapiti.

Alto_wa_Majengo
Upepo swichi ya kukata besi haikusaidii sana na itakula muheme wako. Mimi nimeshona vifuniko kwa kitambaa cha manyoya, kipande cha mdoli wa mtumba, juu ya sponji lake. Usikibane kwenye maiki, acha kijinafasi cha hewa katikati. Kama bado inaruka geuka upepo ukupige mgongoni, mwili wako uwe ukuta, ila akina mama wabaki mbele yako.

Mzee_wa_Bahi_Road
Sasa hiyo ya LOW na mimi nilimaanisha hiyo hiyo. Tuwekee basi dakika moja tusikie.