Dada anaingia upasuaji Alhamisi

*Kikundi: Familia Yetu. Jumapili usiku.*

Dada Mkubwa: Hamjambo wote. Nimeona niandike hapa mara moja kuliko kumpigia mmoja mmoja. Tarehe imetoka. Alhamisi asubuhi naingia upasuaji, wanatoa kizazi. Uvimbe umekua na damu haikatiki, mnajua nilivyoongezewa damu mwaka huu. Vidonge tumejaribu, sindano tumejaribu. Akili imekubali ila mwili unatetemeka. Usiku silali.

Kaka: Pole sana dada. Usiogope, Mungu yupo. Siku hizi hiyo ni operesheni ya kawaida tu.

Mdogo: Dada 😢 nikupigie sasa hivi?

Dada Mkubwa: Usipige, nitalia na mtoto bado yuko macho. Andika tu.

Shangazi: Pole mwanangu. Unamkumbuka yule mama tuliyekuwa tukiishi naye jirani? Naye walimtoa kizazi, basi tangu siku ile

Shangazi: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Mdogo: Ahsante wifi kwa kuufuta. Habari za fulani na fulani tuziweke kando mpaka baada ya Alhamisi. Hatujui huyo mama alikuwa na nini kingine mwilini.

Shangazi: Kweli wifi. Nisamehe mwanangu, ni wasiwasi tu.

Dada Mkubwa: Hamna neno shangazi. Na wewe kaka, najua unanipenda. Ila ukiniambia nisiogope, nabaki na hofu yangu na juu yake naona aibu kuwa nayo.

Kaka: Nimekuelewa. Basi niambie nifanye nini.

Dada Mkubwa: Sijui. Kaa hapa tu.

Mama Mdogo: Mwanangu, nikuulize kitu. Unaogopa nini hasa? Usiniambie "operesheni". Taja kimoja kimoja, hata kile unachokiona cha kijinga. Mimi kabla ya yangu nilikuwa na hofu imejikusanya yote kifuani, chakula hakipiti. Muuguzi mmoja alikuja kuketi kitandani kwangu akaniambia nitaje. Nikakuta nyingi zake ni maswali ambayo sijamuuliza mtu yeyote. Yaliyobaki hayakuwa na jibu, lakini angalau niliyajua kwa sura.

Dada Mkubwa: Haya. Naogopa nusu kaputi. Kwamba sitaamka. Au nitaamka katikati wananikata na siwezi kusema.

Dada Mkubwa: Naogopa maumivu.

Dada Mkubwa: Lingine naona haya kulisema, wanaume wapo.

Kaka: Nitoke kidogo?

Shemeji: Mimi sitoki. Sema tu mke wangu.

Dada Mkubwa: Baki kaka, wewe ni mtu mzima. Naogopa kuwa nusu mwanamke. Watu wanasema unakuwa mkavu, unakuwa baridi, mume anahisi tofauti, anaanza kutazama nje. Na la mwisho mnalijua. Nilitaka mtoto wa pili.

Mdogo: 💔

Binamu Nesi: Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Dada, nianze na usingizi maana chumba cha upasuaji ndiko ninakoshinda. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Binamu Nesi: Ukifika utaulizwa jina lako, tarehe ya kuzaliwa na upasuaji unaofanyiwa. Atakuja mwingine akuulize yaleyale, na mwingine tena. Usidhani wamepoteza faili lako, ndivyo inavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama mwaka 2008, na moja ya mambo yake ni kwamba kabla ya kukata, timu nzima inasimama na kuthibitisha kwa sauti huyu ni nani na anafanyiwa nini. Halafu utabandikwa vibandiko kifuani vya kusoma mapigo ya moyo, mkanda wa presha mkononi utakuwa unabana na kuachia, na kidoleni utavishwa kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni. Ndiyo maana tunasema usipake rangi ya kucha. Chumba kina baridi, kwa hiyo ukitetemeka si lazima iwe hofu. Omba blanketi, utapewa.

Binamu Nesi: Mtaalamu wa usingizi anakaa upande wa kichwa chako tangu mwanzo hadi unapoamka. Si kwamba anachoma sindano na kuondoka. Kazi yake ni wewe tu: pumzi, presha, moyo, kina cha usingizi. Kuamka katikati kunatokea kwa nadra sana, na vile vipimo vyote vipo ili aone mabadiliko mapema. Kabla ya siku yenyewe utakutana naye. Mwambie hivyohivyo ulivyotuandikia, "naogopa kuamka katikati". Hatakucheka. Akijua una hofu kubwa anaweza kukupa kitu cha kukutuliza kabla hujaingia. Muulize pia kama sindano ya mgongo inakufaa. Hiyo inatia ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini na wengine huipendelea. Inategemea njia watakayopitia na hali yako.

Dada Mkubwa: Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anakaa hapo muda wote. Nilidhani niko peke yangu kule ndani.

Binamu Nesi: Hauko peke yako hata dakika moja. Lakini na wewe usimfiche kitu: presha, pumu, mzio wa dawa, jino linalocheza, sigara, vidonge vyovyote. Na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi, hilo analitaka sana.

Shangazi: Baba yenu, marehemu kaka yangu, alipofanyiwa ngiri alitapika mno baada ya kuamka. Linafaa kusemwa?

Binamu Nesi: Sana shangazi. Kutapika kuna dawa za kuzuia, wakijua mapema wanajiandaa.

Mdogo: Dada, ile dawa ya mitishamba bado unatumia?

Dada Mkubwa: Ndiyo. Kijiko asubuhi na jioni.

Binamu Nesi: Kesho asubuhi mpigie daktari umwambie, usingoje Alhamisi. Baadhi ya mitishamba inazuia damu kuganda, mingine inagongana na dawa za usingizi.

Shangazi: Mimi ndiye niliyekupa mwanangu. Piga picha kichupa umwonyeshe, na mimi nitamuuliza aliyeniuzia ni majani gani yaliyomo. Asubuhi na mapema utakuwa na jibu.

Dada Mkubwa: Ahsante shangazi.

Kaka: Na kutokula kabla? Niliwahi kusikia mtu alikunywa chai kidogo wakaahirisha.

Binamu Nesi: Wako sahihi. Ukilala usingizi ule tumboni kuna kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kwa kawaida chakula kinaachwa muda wa saa 6 au zaidi kabla ya usingizi, maji matupu muda wa saa 2 kabla, lakini afuate karatasi ya hospitali yake, si yangu. Dawa zake za kila siku nazo aulize zipi ameze na zipi aache.

Mama Mdogo: Maumivu niachieni mimi. Sikudanganyi mwanangu, yapo. Mimi walipitia tumboni. Siku ya kwanza dawa zilikuwa zinanishika vizuri, nikajidai mkakamavu, nikaacha kuomba nyingine kwa wakati. Yakapanda, na yakishapanda kuyashusha ni kazi. Wewe omba mapema. Weka mto mdogo karibu. Ukitaka kukohoa, kucheka au kuinuka, ubane tumboni kwa mikono miwili, mshono hautavutika. Usiinuke kwa kunyanyua kichwa. Geuka kwanza ubavu, shusha miguu, halafu jisukume kwa mkono. Gesi nayo itakusumbua, hilo nililipata bila kuonywa nikadhani kimepasuka kitu. Na watakuja kukuamsha utembee wakati hutaki hata kugeuka. Nenda, hata hatua chache, kwa sababu kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni. Mpira wa mkojo mara nyingi wanautoa mapema, wangu ulitoka kesho yake.

Mdogo: Mama mdogo mbona hukuwahi kutuambia haya yote?

Mama Mdogo: Hakuna aliyeniuliza. Mliniletea salamu za pole, tukaongea habari nyingine.

Mama Mdogo: Sasa lile la haya. Mwanangu, daktari amesema anatoa na ovari?

Dada Mkubwa: Amesema ovari zinabaki kama ziko salama. Mlango wa kizazi sikuuliza.

Mama Mdogo: Muulize. Ovari zikibaki, homoni zinaendelea kutoka kama kawaida, hedhi tu ndiyo inakatika. Dalili za kukoma hedhi huenda zikakujia mapema kidogo kuliko ambavyo zingekuja, lakini si usiku mmoja. Mimi zangu zilitolewa zote mbili, ndiyo maana mliniona nafungua madirisha usiku na kutoka jasho. Nilizungumza na daktari, akanipa matibabu. Hayo unayosikia ya "mkavu" mara nyingi yanatoka kwa watu kama mimi, watu wanayachanganya yote pamoja. Na ukavu una dawa, si hukumu.

Mama Mdogo: Uke unabaki. Hisia zinabaki. Wakitoa na mlango wa kizazi, wanashona kule juu ndani, na ule mshono unataka muda upone. Ndiyo sababu ya kusubiri wiki 6 hivi na daktari aangalie kwanza. Baada ya hapo mtarudi polepole. Na mwanamke aliyekuwa akitoka damu hivi miaka, akipata maumivu kila akiguswa, anaweza kukuta mambo ni mazuri kuliko zamani. Basi, nimesema mbele ya wakwe.

Shemeji: Umesema vizuri mama. Nami niseme langu. Mke wangu, nimekuwa nikifua mashuka usiku ili mtoto asione damu. Siku ulipoanguka bafuni nilikubeba ukiwa mwepesi kama si wewe. Kinachonitisha mimi ni siku ile, sijawahi kukaa nikawaza kizazi. Nilikuwa sijui kama unabeba wazo la kwamba nitatazama nje. Ungeniambia.

Dada Mkubwa: Niko jikoni nalia.

Shemeji: Nakuja.

Kaka: Na la mtoto wa pili dada, angalau unaye mmoja, wapo ambao hata

Mdogo: Kaka. Hapana.

Kaka: Sawa. Naacha.

Mama Mdogo: Hilo halina jibu mwanangu, na sitakutafutia. Unaweza kutaka upasuaji huu kwa moyo wote na bado ukamlilia mtoto ambaye hakuja.

*Baada ya nusu saa.*

Dada Mkubwa: Nimerudi. Nina mfuko wa nguo za kichanga juu ya kabati. Nilizifua na kuzikunja vizuri, zimekaa tangu mtoto alipoacha kuzivaa. Tangu tarehe ilipotoka kila nikiingia chumbani nautazama. Nimekuwa nikiwaza nizigawe kabla ya Alhamisi ili nimalize.

Mdogo: Unataka nije nizichukue?

Mama Mdogo: Asizigawe wiki hii. Mwanangu, usiamue jambo la namna hiyo ukiwa na hofu na damu pungufu. Mfuko haukudai chochote. Ukitaka siku moja uufungue, ukae nazo, uzigawe au uzibakize, utakuwa na mwili wenye nguvu wa kufanya hivyo.

Mdogo: Basi nije nikae na wewe tu. Jumatano nalala kwako.

Dada Mkubwa: Njoo.

Binamu Nesi: Dada, machozi baada ya upasuaji yatakuja pia, hata siku ambayo kila kitu kinaenda vizuri. Uchovu, dawa na huzuni vinakutana. Yaache yatoke. Ila zikipita kama wiki 2 na bado huna hamu ya chochote, huli, hulali, au wakati wowote ukiona heri usingekuwepo, usingoje kliniki, sema siku hiyohiyo. Shemeji, wewe ndiye utakayeona kwanza. Na pia tazama damu nyingi mbichi, homa, usaha au harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana. Yoyote kati ya hayo ni kurudi hospitali, hata usiku wa manane.

Shemeji: Nimeandika.

Binamu Nesi: Na usiku wa leo, ukishindwa kulala: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6. Rudia kwa dakika kadhaa. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakoushusha moyo. Hata mezani kule unaweza kuifanya, tunawafundisha wengi.

Kaka: Mimi nimepata kazi yangu. Wiki 6 hizo hanyanyui kitu kizito, sivyo? Ndoo za maji, gesi, sokoni, ni zangu. Mtoto nitampeleka na kumrudisha shule.

Mama Mdogo: Na mtoto mwenyewe asibebwe. Mfundisheni tangu kesho kupanda kwenye kochi kwa mama badala ya kurukia tumboni.

Mdogo: Nitamfundisha mimi, ananisikia.

Dada Mkubwa: Nimechukua daftari. Maswali ya daktari: mlango wa kizazi unabaki au unatoka. Ovari, na kama akikuta tatizo huko ndani atafanya nini, maana nataka tukubaliane kabla sijasaini fomu ya ridhaa. Anapitia tumboni au chini. Damu ya akiba ipo? Ya mtaalamu wa usingizi: kuamka katikati, sindano ya mgongo, kutapika kwa baba, mitishamba. Kuna nililosahau?

Binamu Nesi: Uliza nani atampigia mumeo ukitoka, na atampigia namba gani. Watu wa nje huteseka kwa kutojua. Na uliza majibu ya maabara ya kizazi yatatoka lini, maana kitapelekwa kupimwa.

Dada Mkubwa: Nimeongeza. Ombi langu moja: haya ya humu yasiende kikundi kingine, hata cha kuombea. Anayetaka kuniombea aseme "anaumwa", inatosha.

Shangazi: Yanabaki humu mwanangu. Kesho saa 1 asubuhi nakutumia majina ya yale majani.

Kaka: Sawa dada. Na Alhamisi anayepata habari wa kwanza aandike hapa, tusianze kumpigia shemeji kila mtu kwa wakati wake.

Shemeji: Nitaandika mimi.