pH 9.4 alasiri, dayatomu zimetoweka: tatizo ni nini?

Kidimbwi
Habari wakuu. Bwawa la maji baridi, kina mita 3. Mwezi uliopita dayatomu (mwani wa chembe moja) zilitawala. Sasa chini ya hadubini naona Microcystis na nyuzi za Dolichospermum, zote mbili sianobakteria (mwani wa bluu-kijani). Vipimo vya saa 9 alasiri: pH 9.4, nitrojeni jumla 0.9 mg/L, fosforasi jumla 0.15, silika 0.3. Je, nikishusha pH kwa asidi dayatomu zitarudi?

hadubini_kuukuu
Mkuu, usimwage asidi. Hiyo pH imepandishwa na mwani wenyewe: mchana unanyonya kaboni dioksaidi, usiku upumuaji unairudisha. Pima tena kabla jua halijachomoza, utaona tofauti. Asidi itakula bikaboneti, yaani kile kinachozuia pH kuyumba, na papo hapo itaigeuza kuwa kaboni dioksaidi, chakula cha haohao unaowapiga vita.

Mimi ningetazama silika. Dayatomu hujenga maganda yake kwa silika, na ikishuka chini ya takriban 0.5 mg/L nyingi hukwama hata kama virutubisho vingine vimejaa. Zikifa huzama nayo, na kule chini huyeyuka polepole mno.

Mg_kwa_Lita
Naongezea uwiano wa nitrojeni kwa fosforasi. 0.9 ÷ 0.15 ni 6 kwa uzito. Mizani ya Redfield (uwiano wa kawaida wa hizo mbili ndani ya mwani) ni 16:1 kwa moli, yaani kwa idadi ya atomu, sawa na 7.2 kwa uzito (wengi huchanganya hizi mbili), hivyo nitrojeni imepungua kidogo. Dolichospermum hujitengenezea yake kutoka hewani. Microcystis haiwezi, kwa hiyo uwiano peke yake hauelezi kila kitu.

hadubini_kuukuu
Kweli, na kwa fosforasi 0.15 uwiano unaweza hata usiwe na maana. Huenda hakuna kilichopungua ila mwanga. Jaribu kwa chupa. Chuja maji kwa wavu wa mikroni 150 kuondoa zuplanktoni (wanyama wadogo wanaokula mwani), jaza chupa angavu za lita 1, tatu kwa kila kundi: bila kitu, nitrojeni, fosforasi, zote mbili. Yeyusha 3.04 g za nitrati ya sodiamu katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, na 219 mg za KH₂PO₄ (chumvi ya fosfeti) katika lita nyingine. Mililita 1 ya kila moja kwa chupa inaongeza 0.5 mg za nitrojeni au 0.05 za fosforasi. Zining'inize bwawani siku 4, kisha pima klorofili (kipimo cha wingi wa mwani): kundi litakaloota kuliko lile la bila kitu ndilo linaonyesha kilichopungua. Ukizidisha siku, mwani utaota kwenye kuta za chupa na kukupotosha. Chupa zisuuzwe kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa; sabuni yenye fosfeti itaharibu kila kitu.

Kidimbwi
Asante. Na samaki waliomo?

Mg_kwa_Lita
Pima amonia leo. Kwa nyuzi 25 na pH 9.25, nusu yake huwa ile yenye sumu; kwa 9.4 imeshapita nusu. Punguza chakula cha samaki kwanza, chupa baadaye.