Naomba ushauri: kutuma stempu kwa vifungashio vilivyokwisha kutumika

Mkusanyaji_Ipagala

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni mkusanyaji wa stempu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Nabadilishana na wenzangu wa Ujerumani, India na Kenya, na wachache wa humu nchini. Ninachokipenda zaidi ni stempu zetu za zamani: seti ya samaki ya 1967, ile ya vipepeo ya 1973, na zile za pamoja zilizoandikwa Kenya, Uganda, Tanzania kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977.

Kinachoniumiza kichwa ni takataka. Mtu ananitumia stempu sita. Nje kuna bahasha ya kaki yenye mapovu ya plastiki ndani. Ukifungua unakuta kifuko cha nailoni, ndani ya kifuko kadi yenye vijimfuko vya plastiki, halafu selotepu kila kona. Stempu zenyewe zinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Bahasha ile ya mapovu haina pa kwenda, kwa sababu karatasi na plastiki vimegandishwa pamoja: anayenunua karatasi chakavu haitaki, anayenunua plastiki naye haitaki. Mtaani kwetu vitu vya namna hiyo vinachomwa nyuma ya nyumba, moshi unaingia madirishani kwa jirani. Visipochomwa, upepo wa Julai unavibeba hadi vinanasa kwenye miiba huko korongoni, na mbuzi wanavitafuna.

Sisi wa Dodoma tunajua hali ilivyokuwa kabla ya tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku. Nenda soko la Majengo au Sabasaba leo, mtu anabeba nyanya kwenye kikapu au mfuko mbadala na maisha yanaendelea. Sikubali plastiki tuliyoitoa sokoni iniingilie tena nyumbani kupitia sanduku la posta.

Kwa hiyo sasa natuma kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Bahasha ya zamani naibandua ubavuni kwa kisu cha mezani kisicho na makali, polepole, naigeuza ndani nje, naibandika upya kwa uji wa ngano. Ikikauka ni bahasha safi, nyeupe au ya kaki, haina jina la mtu. Cha kukazia nakata boksi la biskuti. Lakini mwenzangu mmoja wa nje ameniandikia kwamba stempu zenye gundi yake ya asili, yaani ambazo hazijatumika, hazifai kufungwa kwa vitu vya mitumba, na kwamba nisiponunua vipya ataacha kubadilishana nami.

Naomba kujua mambo matatu. Je, vifuko vya plastiki nilivyotumiwa naweza kuvitumia tena kwa stempu zenye gundi? Posta wana tatizo na bahasha iliyogeuzwa? Na wakati wa mvua mnafanyaje bila nailoni? Naomba kuwasilisha.

MzeeWaMuhuri

Kijana wangu, mimi nilikaa kaunta ya posta miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia Kongwa. La bahasha nitakujibu mimi, la plastiki waachie wenye ujuzi nalo.

Bahasha iliyogeuzwa haina tatizo lolote. Mtu wa kaunta anataka anwani isomeke, S.L.P. iwepo, stempu ya kutosha iwe pembeni juu kulia, na bahasha isifunguke njiani. Tatizo liko kwa wale wasioigeuza, wanaobandika karatasi ya anwani mpya juu ya ile ya zamani. Wanasahau kibandiko cha mistari cha barua ya rejista, au ile fomu ndogo ya forodha, CN 22, ya mzigo wa mwanzo. Kibandiko cha mistari kikisomwa na mashine, barua yako inafuata safari ya barua nyingine. Kama huigeuzi, kifute kwa wino mweusi mpaka mstari hata mmoja usionekane, au kibandue kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo wakusanyaji wengi hawalifikirii. Muhuri wa mkono ni chuma, na anayegonga anagonga kwa nguvu maana ana barua nyingi. Anagonga juu ya stempu, yaani kona ya juu kulia. Ukiweka zile stempu zako za samaki katikati ya bahasha, siku nyingine zitasogea hadi kona hiyo na kupigwa chuma. Zibane kwenye kadi, na kadi ikae chini kushoto. Boksi la biskuti linatosha kama kadi ni mbili na stempu ziko katikati yake. Ila usizidishe, maana barua ikinenepa inahesabiwa kama kifurushi kidogo na gharama inapanda.

Kabla hujabandua bahasha yoyote, itazame kwanza. Kama ina muhuri wa ofisi ndogo ya zamani, Mpwapwa, Kilosa, Manyoni, tarehe inasomeka na stempu iko mahali pake, usiiguse kisu. Bahasha hiyo nzima ina thamani kuliko stempu iliyobandikwa juu yake.

Binti_wa_Kolo

Shikamoo mzee. Kaka wa Ipagala, mwenzako wa nje ana hoja nusu. Bahasha ya nje na kadi ya kukazia vinaweza kuwa vya mitumba vyote. Kinachogusa stempu ndicho cha kuchunga.

Plastiki hazifanani. Ile laini inayovutika, yenye harufu kama pazia jipya la bafuni, mara nyingi ni PVC iliyotiwa mafuta ya kuilainisha. Mafuta hayo hutoka polepole, na joto huyaharakisha. Mimi nililetewa vipepeo wa 1973 kwenye kadi ya namna hiyo iliyokaa kabatini kwa mtu. Nilipomtoa mmoja kwa kibano, bawa lilikuwa limeacha rangi yake kwenye plastiki, umbo lote linaonekana, na stempu yenyewe inateleza kidoleni kama imepakwa mafuta. Hakuna dawa ya hilo. Sasa fikiria joto la Oktaba hapa kwetu kwenye chumba chenye bati.

Plastiki salama ni polithini, polipropilini na poliesta. Ukiona namba ndani ya pembetatu, 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, na 3 ni PVC, hiyo iepuke. Vifuko vya stempu aghalabu havina namba, kwa hiyo tumia maji. Kata kipande kidogo, kizamishe kwenye glasi, kisugue kwa kijiti mapovu ya hewa yatoke, kisha kiachie. Polithini na polipropilini huelea, PVC huzama. Poliesta nayo huzama ingawa haina madhara, basi kinachozama na hujui ni nini, usikiweke karibu na stempu. Na tafadhali usijaribu kwa kuchoma, moshi wa PVC ni sumu.

Kilichoelea kitumie tena bila hofu kama ni kisafi, hakina mikwaruzo wala gundi ya selotepu. Gazeti usilitumie ndani hata kidogo, wino wake unahamia na karatasi yake ina asidi. Ukiweza kupata vibahasha vya glasini, ile karatasi laini inayopitisha mwanga, hivyo unaweza kuvizungusha baina yenu miaka na miaka.

Uji wa ngano mimi siuungi mkono. Mende wanaupenda, na wakishaupata wanahamia kwenye gundi ya stempu. Tumia gundi nyeupe ya maji, kidogo tu.

Chakavu_Nzuguni

Nimeusoma uzi huu kwa furaha. Mimi nanunua chakavu huku Nzuguni. Chupa za maji na maboksi zina soko la uhakika, tunapima kwa kilo. Nailoni nyepesi haina kilo: ujaze kiroba kizima bado mizani haitikisiki, na ikija na vumbi hakuna anayeipokea. Ndiyo maana mnaiona imebaki korongoni wakati chupa zote zimeokotwa. Kwa hiyo anayesema ‟si nitaipeleka kwa wa chakavu" anajifariji. Nailoni iliyokwisha kuingia nyumbani kwako itumie mpaka iishe.

Ombi langu ni selotepu. Boksi lililozungushiwa selotepu nzima linatupa kazi ya kulichuna. Fungeni kwa karatasi na gundi, au kwa kamba ya katani.

Mkusanyaji_Ipagala

Shukrani nyingi zimwendee mzee wetu, na shikamoo yangu pia. Nimeshukuru sana nyote.

Nimejaribu ule mtihani wa maji jana jioni. Vifuko vingi vimeelea. Kadi mbili za plastiki laini zimezama kama jiwe, na kwenye moja kulikuwa na samaki wa 1967. Nimemhamisha, rangi yake bado nzima. Kadi hizo mbili sitaziweka tena karibu na stempu, nimezifunga kwenye karatasi ili zisigusane na kitu.

La gundi nakubaliana na dada. Uji nilirithi kwa mama, ndivyo alivyobandika majalada ya madaftari yetu, lakini ya mende sina jibu. Nimenunua gundi nyeupe.

Kwa mwenzangu wa nje nitamwandikia hivi: kitakachogusa stempu zake kitakuwa glasini au kifuko nilichokipima, safi. Vingine vyote vitakuwa vya mitumba, na ninaomba naye asinitumie bahasha ya mapovu tena. Stempu haivunjiki kama glasi, mapovu ni ya nini? Anachotakiwa kuizuia ni kukunjika na maji. Akikataa, tutaachana kwa heri. Siwezi kupokea seti nzuri huku najua kifungashio chake kitaishia kwenye tumbo la mbuzi wa jirani yangu.

Bado hilo la mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili hapa, na Dar karibu mwaka mzima kwa unyevu, mnafanyaje?

Binti_wa_Kolo

Mvua ndipo nailoni inapokuwa na kazi ya haki. Kifuko kimoja tu cha polithini, cha mitumba, kiwe nje ya kadi na ndani ya bahasha. Mdomo ukunje mara mbili, usiufunge kwa selotepu wala usiuzibe kabisa, maana unyevu uliofungiwa ndani ndio unaofanya gundi inate. Kwa mtu wa Dar au Tanga mimi natuma stempu zenye gundi wakati wa kiangazi, zilizogongwa muhuri ndizo zinazosafiri masika. Na kwenye kikaratasi ninachokiweka ndani ya kifuko naandika kwa penseli: ‟Kirudishe kikiwa na stempu zako." Wengi wanakirudisha. Kimoja kimekwenda Nairobi na kurudi hadi maandishi yamefutika, nimeyaandika upya.

MzeeWaMuhuri

Penseli ni sahihi, wino unahama. Na wewe wa Ipagala, bahasha yako ya kwanza yenye gundi mpya ipeleke mwenyewe kaunta, usiitumbukize kwenye sanduku la nje. Mwombe mhudumu agonge taratibu. Ukiomba kwa adabu, anagonga taratibu.

Mkusanyaji_Ipagala

Nitafanya hivyo mzee. Dada wa Kolo, nitumie S.L.P. yako faraghani. Nina vipepeo vya ziada viwili vyenye muhuri wa Dodoma, na kikaratasi cha kifuko kitakachowaleta tayari nimeshakiandika kwa penseli.