IST ya 2004, habu ya nyuma inaunguruma: nichukue mpya au mtumba?

MkaziKijichi
Wakuu habari za leo. Nina Toyota IST ya 2004, nyuma inaunguruma kama ndege inayotaka kupaa. Fundi kaisikiliza, kasema habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani) imekufa. Nataka kuibadilisha mwenyewe nyumbani Jumamosi. Nimetajiwa bei tatu: mpya ya Kijapani, mpya ya Kichina, na mtumba wa Shaurimoyo ambao haufiki hata nusu ya ile ya kwanza. Nichukue ipi?

Spana14
Mkuu, ya msingi hujayasema. Upande gani? Ina ABS (breki zisizogandisha tairi) au haina? Fungua boneti usome kibati: NCP60 na NCP61 zinavuta mbele, NCP65 ni 4WD, inavuta tairi zote nne. Kama ni 4WD kuna ekseli inapita katikati ya habu, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

DadaWaMoro
Kabla hujatoa hela hakikisha siyo tairi. Tairi ikilika mabonde mabonde inaunguruma vilevile. Peleka za nyuma mbele, utembee nazo. Kelele ikihamia mbele, habu haina kosa.

MkaziKijichi
Ni NCP61, ABS ipo. Nahisi ni kulia, maana nikikata kona ya kushoto kelele inazidi. Tairi ni mpya.

Spana14
Ukikata kushoto uzito unalalia kulia, kwa hiyo unaelekea kuwa sahihi. Thibitisha hivi: piga jeki, achia handbreki, shika springi kwa mkono mmoja, mwingine uzungushe tairi. Beringi iliyokwisha utaisikia ikikwaruza kwenye vidole. Ukishajua, chukua mpya ya Koyo, NSK au NTN, na useme kabisa dukani kwamba ni ya ABS.

Baharia_Ilala
Mimi napinga. Mtumba wa Japani ni kitu halisi kilichotoka na gari kiwandani. Nimefunga kwenye Vitz yangu na sijasikia kitu mpaka leo. Mpya za siku hizi boksi ni zuri, chuma hovyo.

Spana14
Tatizo la mtumba huoni ilivyotolewa. Habu ikishika kutu inachomolewa kwa nyundo, na kila pigo linatia vidimbwi kwenye njia ya gololi. Ukiizungusha mkononi dukani inateleza vizuri, uzito wa gari ukikaa juu yake inaanza kulia.

Mnyalukolo
Kuhusu boksi, Baharia ana hoja. Mwaka jana nilinunua habu kwenye duka moja mjini, boksi lina jina kubwa la Kijapani na stika inayong'aa. Fundi akafunga, kimya, nikafurahi. Nikapanda nayo Iringa na familia. Kurudi, kabla hata sijaanza kushuka Kitonga, nikikanyaga breki gari inavuta upande mmoja. Nikapaki. Rimu ya nyuma kushoto haishikiki kwa moto na kuna harufu ya grisi iliyoungua. Sili ilikuwa imeachia, grisi yote imemwagikia breki shuu. Mteremko ule, malori mbele na nyuma, watoto ndani! Tulilala palepale juu hadi fundi akaja. Alipoitoa tukaifuta: kwenye chuma chenyewe hakuna jina wala namba, ni boksi tu lililoandikwa. Tangu siku hiyo sinunui habu bila kuitoa kwenye boksi na kusoma chuma.

DadaWaMoro
Pole sana kaka. Na breki shuu ikishalowa grisi usiioshe kwa petroli ukairudisha, badilisha.

GroganFinest
Huku Nairobi, Kirinyaga Road, mambo ni hayo hayo. Si mnunue beringi pekee muiingize kwa mashine ya presi?

Spana14
Kwa IST ya 2WD, yaani inayovuta mbele tu kama hii, hapana. Habu na beringi ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani, kinakaa kwa bolti nne kwa nyuma. Dramu (bakuli la breki) ikigoma kutoka, ina matundu mawili ya bolti ya M8, kaza kidogo kidogo zitaisukuma. Chomoa soketi ya sensa ya ABS kabla hujagusa bolti. Na bolti zikitoka, bati la breki linabaki halina kitu cha kulishika, usiache lining'inie kwenye paipu ya breki. Nati za tairi mwishoni zikaze kwa kipimo cha 103 Nm.

Baharia_Ilala
Akibadilisha abadilishe zote mbili.

DadaWaMoro
Kwa nini? Nzima haijalia. Hela hiyo anunue stendi za jeki, maana najua watu wanavyoweka tofali. Tofali la saruji linapasuka ghafla, halikupi ishara. Huingii chini ya gari iliyokaa kwenye jeki tupu wala tofali.

Baharia_Ilala
Magogo ya mninga tunatumia miaka yote.

DadaWaMoro
Gogo pana ni sawa. Nimesema tofali.

MkaziKijichi
Nashukuru wakuu. Stendi sina, naulizia kwa jirani. Ya Kijapani naipenda ila hela ya mwezi huu ndiyo hivyo. Bado nawaza.

Mtoto_wa_Tanga
Samahani kuingilia, Noah yangu inaunguruma mbele, na yenyewe ni bolti nne?

Spana14
SR40 au AZR60? Moja inavuta nyuma, nyingine inavuta mbele, habu zao hazifanani.