Mgeni anayetaka kuacha sigara: tumpokeeje asitoweke kabla wiki ya kwanza haijaisha?

Mlezi wa Kadutu (Bukavu) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Hapa Bukavu tuna kikundi cha WhatsApp cha watu walioacha kuvuta sigara pamoja na wale wanaotaka kuacha. Kilianza na watu wachache wa Kadutu, wengi wao motari (waendesha pikipiki za abiria) na vijana wanaobeba mizigo sokoni, kisha kikafika Panzi na Bagira, na siku hizi wanajiunga hata watu wa Uvira. Wale walioacha zamani hawatusumbui: kila asubuhi wanasalimiana, wanatumiana aya na vichekesho, wanahesabu miezi yao. Shida yetu ni wageni. Mtu anaingia Jumatatu akiwa na ari, anaandika kwamba ametupa pakiti yake, kikundi kizima kinampigia makofi. Jumatano anaandika kwamba hajalala na kwamba amegombana na mke wake. Ifikapo Jumamosi haonekani tena, na ukimpigia simu haipokei. Baadaye unamkuta mtaa wa Nyawera, naye akikuona anaficha mkono nyuma.

Siulizi namna ya kuwahubiria kwamba sigara inaua. Kila anayejiunga analijua hilo, na wengine wamejiunga kwa sababu wamemzika mzazi aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu. Ninauliza ni kitu gani hasa kinachomshika mtu katika siku zile za mwanzo. Sisi wasimamizi wenyewe tumegawanyika: mmoja wetu anataka kila aliyevuta, hata sigara moja, aondolewe kikundini mpaka atakapokuwa tayari kweli, mwingine anaona kwamba kumwondoa mtu siku aliyoanguka ni kumrudisha kwa mwenye kuuza sigara. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu, na hasa ninyi wa Goma na Lubumbashi.

Muuguzi wa Ndosho (Goma):

Ndugu Mlezi, ninafanya kazi katika kituo cha afya, upande wa wagonjwa wa kifua kikuu. Kuvuta tumbaku huongeza hatari ya kuugua ugonjwa huo karibu maradufu, kwa hiyo kuwasaidia wagonjwa kuacha ni sehemu ya kazi yangu ya kila siku, na nimeiona Jumatano yenu mara nyingi.

Wageni wenu hawapotei ovyo. Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde kati ya 10 na 20, na baada ya saa 2 hivi nusu yake imekwisha kuondoka katika damu. Ndiyo maana mvutaji huamka asubuhi akiwa na kiu kali: usiku kucha mwili umekuwa ukiidai. Anapoacha kabisa, hasira, kukosa usingizi, njaa, huzuni na kushindwa kutuliza mawazo hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua polepole katika muda wa wiki 2 hadi 4. Aliyetupa pakiti Jumatatu anafika kileleni Jumatano, wakati makofi yameshanyamaza na kila mtu amerudi kwenye vichekesho vyake. Naye, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mapema, anadhani kwamba yeye peke yake ni dhaifu, au kwamba maisha yake bila sigara yatakuwa hivyo daima.

Basi mwambieni Jumatatu hiyohiyo. Mwandikieni waziwazi kwamba Jumatano na Alhamisi zitakuwa nzito, kwamba kugombana na watu wa nyumbani kunatarajiwa na si tabia yake mpya, na mumwombe amwarifu mke wake mapema. Mwambieni pia kwamba hamu ikimpanda haikai saa nzima. Hudumu dakika chache, kisha hushuka, iwe amevuta au hajavuta. Kikundi hakina uwezo wa kumlinda mtu mwaka mzima, lakini kinaweza kumshughulisha kwa dakika hizo chache, mradi awepo mtu wa kumjibu saa tatu usiku. Jibu linalofika kesho yake asubuhi, hata liwe na hekima kiasi gani, linamkuta ameshavuta.

Jambo jingine ambalo vikundi vingi havilijui linahusu kafeini, kile kichangamsho kilichomo katika kahawa. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liivunje kafeini kwa haraka. Mtu akiacha kuvuta huku akiendelea kunywa vikombe vilevile, kafeini hukaa mwilini mwake kwa muda ulio karibu mara mbili, naye anatetemeka, moyo unamwenda mbio, usingizi unampaa, halafu anasema ni sigara inamdai. Sisi wa Kivu tunaiuza kahawa kuliko tunavyoinywa, lakini chai nzito nayo ina kafeini. Apunguze nusu tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia dawa ya pumu ya aina ya theofilini lazima amwarifu daktari kwamba ameacha kuvuta, maana kiwango cha dawa hiyo katika damu kinaweza kupanda.

Kuhusu dawa za kusaidia, vibandiko na gamu za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini viliongezwa 2021. Si kila famasia inavyo. Atakayepata gamu asiitafune mfululizo kama pipi: aitafune mpaka asikie ukali, kisha aibane kati ya shavu na ufizi, arudie ukali ukiisha. Vidonge visinunuliwe kwa mchuuzi. Bupropioni, kwa mfano, haifai kabisa kwa mwenye kifafa.

Papa wa Katuba (Lubumbashi):

Nimemsoma muuguzi na ninamheshimu, lakini kuhusu sheria nitasimama karibu na yule msimamizi mkali. Nilivuta tangu ujana wangu katika gereji, ambako fundi asiye na sigara mdomoni alionekana kama mwanafunzi, na sasa ni miaka mingi sijagusa. Katika kikundi chetu hapa Lubumbashi tuliwahi kuwa wapole kupita kiasi. Mmoja alivuta kwenye matanga, akaandika, akafarijiwa. Kesho yake wa pili akavuta, akafarijiwa. Mwisho wa wiki watu walikuwa wanaandika habari za kuanguka kwao kana kwamba ni habari za mvua. Wageni waliosoma maneno yale walielewa kwamba hapa ruhusa ipo.

Hatukuanza kuwafukuza watu, ila tuliweka masharti. Aliyevuta anaandika siku hiyohiyo, bila kungoja aulizwe. Anataja mahali alipokuwa, aliyekuwa naye, na aliyempa sigara. Palepale anaweka tarehe mpya, tena iwe kesho au keshokutwa, si baada ya sikukuu. Na mpaka atakapomaliza wiki 2 bila kuvuta, hamshauri mgeni yeyote. Sharti hilo la mwisho lilipigiwa kelele sana, lakini ndilo lililotuliza kikundi.

Kuhusu wale wanaosema wanapunguza kidogo kidogo, mimi huwaambia wachague siku na kukata. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa 2016, baada ya wiki 4 asilimia 49 ya walioacha kwa mkupuo walikuwa hawajavuta, na kwa wale waliopunguza polepole kabla ya kuacha ilikuwa asilimia 39. Waliopunguza nao walifaidika, sikatai, lakini kwa mtu anayenunua sigara moja moja kwa vijana wa barabarani, hesabu ya kupunguza haishikiki: leo moja, kesho anapewa mbili na rafiki, naye anajiambia kwamba za bure hazihesabiwi.

Tena nganda, yaani baa. Mwezi wa kwanza asikanyage. Bia na sigara zilimlea pamoja, na akikaa mbele ya chupa ya pili ahadi zote za kikundi zimekwisha.

Mama wa Ibanda (Bukavu):

Nawasikiliza nyote, na naona mnazungumza kana kwamba mvutaji daima ni mwanamume. Wapo wanawake wanaovuta, na wanavuta chooni, au dirishani usiku, kwa sababu mwanamke akionekana na sigara mjini hapa anapewa majina ambayo siwezi kuyaandika. Mwanamke huyo hatajiunga na kikundi chenu, Ndugu Mlezi, hata mngekuwa na maneno matamu kiasi gani, maana akiingia tu namba yake inaonekana kwa kila mwanachama, na miongoni mwao yumo shemeji yake, au motari anayempeleka kazini. Awepo mwanamke wa kupokea wanawake wenzake kwa ujumbe wa faragha, mmoja mmoja, na asilazimishwe mtu kuingia katika kikundi kikubwa.

Halafu waulizeni wageni wenu: nyumbani nani mwingine anavuta? Watafiti wawili Wamarekani, Christakis na Fowler, walichapisha 2008 uchambuzi wa watu zaidi ya 12,000 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30, wakaona kwamba mmoja wa wanandoa akiacha kuvuta, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta hupungua kwa asilimia 67. Kwa hiyo mke anayevuta kwa siri na mume anayejiunga nanyi waziwazi wangeweza kusaidiana, kama angalau mmoja wao angepata ujasiri wa kumwambia mwenzake. Sisemi kwamba ni rahisi.

Kijana wa Himbi (Goma):

Papa wa Katuba, shikamoo. Sharti la kumzuia aliyeanguka asishauri wageni nalikubali nusu. Mimi nilipoacha, wale wa miaka mingi waliniambia, «Itapita, mwanangu,» na walikuwa na haki ya kusema hivyo, lakini walikuwa wameshasahau. Aliyenifaa ni kijana mwenzangu aliyekuwa ametangulia wiki chache tu, ambaye bado alikuwa anatembea na karanga mfukoni ili mkono upate kazi. Kwa hiyo nashauri kila mgeni apewe mtu mmoja wa zamu, si kikundi kizima, na mtu huyo awe ameacha karibuni: amepita wiki ya kwanza, lakini hajaanza kuizungumza kama hadithi.

Pia msitegemee mega, yaani intaneti ya simu, peke yake. Wageni wengi hununua mega za siku moja, na usiku zimeisha, au umeme umekatika na simu imezima. Mtu wa zamu awe na namba ya kawaida ya mgeni, atume ujumbe mfupi au apige. Ujumbe mfupi si kitu cha kudharau: katika jaribio kubwa la Uingereza, lililochapishwa 2011 katika jarida la The Lancet na kuhusisha watu wapatao 5,800, waliopokea ujumbe wa kuwatia moyo walioacha walikuwa asilimia 10.7 baada ya miezi 6, tena walipimwa kuhakikisha hawavuti, na wasiopokea ujumbe wa aina hiyo walikuwa asilimia 4.9. Ni wachache, ndiyo, lakini ni zaidi ya maradufu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba bila msaada ni asilimia 4 tu ya majaribio ya kuacha yanayofanikiwa. Hesabu hiyo ningemwonyesha kila aliyeanguka, ili aone kwamba njia yenyewe ni ya kupanda, na kwamba hakuumbwa tofauti na wengine.

Na zile picha za mapafu meusi ziacheni. Mtumieni yanayotokea mwilini mwake wakati huohuo: baada ya dakika 20 mapigo ya moyo na shinikizo la damu vimeanza kushuka, baada ya saa 12 gesi ya monoksidi ya kaboni katika damu imerudi kiwango cha kawaida. Mtu aliyepita usiku mmoja ana jambo la kuonyesha asubuhi.

Mlezi wa Kadutu (Bukavu):

Asanteni sana. Nimewasomea wenzangu yote, na tumekubaliana hivi: hakuna atakayeondolewa kwa sababu ya sigara, lakini aliyevuta ataandika siku hiyohiyo na kuweka tarehe mpya, kama alivyosema Papa wa Katuba. Wiki 2 za kutoshauri bado zinabishaniwa. Wa zamu tumepata watano, wote walioacha mwaka huu. Mama wa Ibanda, dada mmoja wa Panzi amekubali kupokea wanawake kwa namba yake, na sisi wanaume hatutaulizwa wala hatutauliza ni nani wamemwandikia.

Nimebaki na swali kwa muuguzi. Motari wetu wa usiku, wakishaacha sigara, wanahamia kwenye vile vinywaji vya kutia nguvu vya chupa ndogo, wengine chupa tatu kwa zamu, na wanasema ndivyo vinavyowaokoa. Tuwaache?

Muuguzi wa Ndosho (Goma):

Msiwaache, lakini msiwagombeze pia. Vinywaji hivyo vina kafeini nyingi, na kwa sababu niliyoieleza, chupa tatu za mtu aliyeacha kuvuta humkaa mwilini kama sita za zamani. Atakosa usingizi wa mchana, atakuwa mkali, na ndani ya siku chache atatafuta kitu cha kumtuliza. Aanze na kushuka hadi chupa moja, ainywe mwanzoni mwa zamu, na baada ya hapo abebe maji na muwa au karanga. Anayesikia moyo ukidunda vibaya au kifua kikibana aje kituoni kupimwa shinikizo la damu, asingoje kikundi kimshauri.