Mliosoma Historia chuoni mkaja kuifundishia Tanga: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, masomo yake ya kufundishia ni Historia na Kiswahili, na mafunzo kwa vitendo kapangiwa huku kwetu. Kaniuliza ajiandae vipi, nikaona nisimjibu peke yangu. Naanza na yaliyonikuta mimi.

Nilipangwa shule ya kata upande wa Pangani, kidato cha tatu, mada ya Waafrika walivyoupokea ukoloni. Chuoni nilikuwa mkali wa Maji Maji, semina zote mkono juu. Abushiri, kiongozi wa upinzani huku pwani, nilimwekea mistari mitatu tu kwenye andalio la somo: aliwapinga Wajerumani 1888, afisa wa Kijerumani Wissmann akaja na jeshi, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Nikageuka kufuta ubao. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, bibi anasema Abushiri alikuwa na mashamba ya miwa na watumwa. Sasa alikuwa anampigania nani?"

Kimya. Msimamizi kutoka chuo kakaa dawati la nyuma na fomu yake, kalamu imesimama.

Nikasema tutalijibu kipindi kijacho kwa kuwa kengele imekaribia. Haikuwa imekaribia. Usiku ule nikafukua madaftari yangu na kukuta yote niliyoyaruka: Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar anaikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, Agosti wanapandisha bendera, ushuru wa forodha unaingia mikononi mwao, wenye mashamba na wafanyabiashara wanaona riziki inaondoka. Kule Saadani Bwana Heri, mtawala wa huko, na watu wake wana ugomvi wao. Kesho yake nikawaambia ukweli: waliomfuata Abushiri hawakuwa na sababu moja, na yeye mwenyewe alikuwa na mali ya kulinda. Nikaongeza kwamba Zelewski, yule mtu wa kampuni aliyewaudhi watu Pangani, ndiye aliyeuawa Lugalo, Iringa, 1891 na jeshi la Mkwawa. Hapo hata waliokuwa wanasinzia waliinua vichwa. Alama za msimamizi zilikuwa za wastani, lakini yule binti sijamsahau.

Mwana Ngamiani: Mimi nilikuwa mjini. Mada ya vyanzo vya historia, kitabu kimejaa Olduvai, na Olduvai iko mbali. Nikawatuma nyumbani wakaulize habari za vita ya Tanga ya Novemba 1914. Walirudi na simulizi za nyuki wa kila aina waliowauma askari vitani! Nyuki waliofundishwa na Wajerumani, nyuki wa mganga, nyuki waliojua rangi ya sare. Tukaziweka hizo simulizi kando ya maelezo ya kitabuni: Waingereza na askari wao kutoka India walikuwa wengi mara kadhaa kuliko jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakashindwa, na nyuki walikuwepo kweli ila waliuma pande zote mbili. Masimulizi ya mdomo na maandishi wakayaelewa siku hiyohiyo.

Makorora: Nipo kazini mwaka wa tisa, niseme lisilopendwa. Chuo kinakufundisha kuhoji, mtihani wa kidato cha nne unataka utangulizi, hoja sita na hitimisho. Mdogo wako asije na semina tupu, watoto watafeli. Nikiwa na vipindi viwili mfululizo, dakika 80, hamsini nawaachia wabishane kwa Kiswahili, thelathini tunapanga hoja sita ubaoni kwa Kiingereza. Ofisini wapo wanaonuna. Nimewazoea.

Ticha Chumbageni: Mimi niliwapeleka kwenye magofu na makaburi ya kale ya Tongoni, barabara ya Pangani, kilomita 17 hivi kutoka mjini. Nauli tulichangishana, mimi nikitoa kwenye bumu, ile hela ya mkopo wa chuo. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya biashara ya pwani na Mashariki ya Mbali. Mvulana mmoja akaingiza vidole kwenye kishimo cha nguzo ya kaburi, akauliza kimechimbwa cha nini. Nikamwambia hapo palibandikwa bakuli la kauri. "Limetoka wapi?" China. "Nani alilinunua?" Hotuba ikabaki mfukoni, maswali yao yalitosha vipindi vitatu.

Ila mkuu, mwambie akienda huko aage kwa mkuu wa shule kwa maandishi na abebe maji ya kutosha. Mimi watoto wawili walizidiwa na jua, na barua ya kujieleza niliiandika usiku huohuo.